Ultrasaundi, FIB-4 au FibroScan: mwenye sukari aanze na kipi?

Ukiwa na sukari na unaishi Mombasa, huenda mtu ameshakwambia, daktari au jirani, "upime na ini pia." Basi hapo ndipo utata unapoanza. Maabara ya mtaani ina kifurushi chake cha ini, kliniki ya ng'ambo ya barabara ina ultrasaundi, na kuna mashine iitwayo FibroScan ambayo binamu aliyefanyiwa Nairobi haachi kuisifia. Mfuko nao ni ule ule unaonunua dawa, unga na nauli ya matatu.

Nalinganisha vipimo hivi kwa ajili ya mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya pili, na msimamo wangu nausema mapema: pesa ya kwanza iende kwenye damu (ndiko FIB-4 inakotoka), si kwenye picha. Aliyegeuka macho manjano, aliyejaa maji tumboni au anayetapika damu hayumo katika ulinganisho huu. Huyo apelekwe hospitali leo hii.

Kwa nini ini, sukari na mafuta ya damu hutajwa pamoja

Tafiti zilizojumlisha takwimu za nchi nyingi zinaonyesha kuwa watu wazima wapatao 3 kati ya 10 duniani wana mafuta kwenye ini. Kwa wenye kisukari cha aina ya pili ni zaidi ya nusu. Kwa hiyo ukiwa na sukari na kitambi, uwezekano wa ini lako kuwa na mafuta ni mkubwa kabla hata hujapanda kitanda cha ultrasaundi. Hilo likumbuke, maana ulinganisho mzima unalitegemea.

Mafuta hayo yanatoka wapi? Wengi wetu tunaelekeza kidole kwenye karai la viazi. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitia alama asidi za mafuta na kuzifuatilia kwa wagonjwa wenye ini lenye mafuta. Asilimia 59 ya mafuta ya inini yalikuwa yametoka kwenye mafuta ya mwili wenyewe, yaliyoachiwa yakaingia kwenye damu. Asilimia 26 yalitengenezwa na ini lenyewe, kazi ambayo hulifanya zaidi likipewa sukari na wanga kupita kiasi. Yaliyotoka moja kwa moja kwenye chakula yalikuwa asilimia 15 tu.

Insulini ndiyo inayoyazuia mafuta ya mwili yasiachiwe ovyo. Mwili ukiacha kuisikia, mafuta ya tumboni humwaga asidi zake kwenye damu mchana na usiku, na ini ndilo linalozipokea. Likishajaa, hufanya mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, nalo huacha kuisikia insulini, likaendelea kutoa sukari usiku kucha. Ndiyo maana mtu analala bila kula akaamka na sukari ya 9, akaapa kwamba mashine ni mbovu. La pili, huyafunga mafuta na kuyasukuma kwenye damu, trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) zikapanda, HDL (kolesteroli nzuri) ikashuka, na LDL (kolesteroli mbaya) ikawa ya chembe ndogo ndogo na nzito, ambazo mishipa haizipendi.

Ushahidi wa kwamba huu ni mnyororo mmoja ulionekana Newcastle, Uingereza, mwaka 2011. Kundi la Profesa Roy Taylor liliwapa watu 11 wenye kisukari chakula cha takriban kalori 600 kwa siku. Ndani ya siku 7 sukari yao ya asubuhi ilirudi kawaida, na mafuta ya ini yalikuwa yamepungua kwa asilimia 30. Baada ya wiki 8 mafuta ya ini yalikuwa yameshuka kutoka asilimia 12.8 hadi 2.9. Watu 11 ni wachache, lakini mpangilio wa matukio ulisema mengi: ini lilipopungua mafuta, sukari ilishuka pamoja nalo. (Usijaribu kalori 600 peke yako huku ukimeza vidonge vya kushusha sukari au ukijidunga insulini. Sukari inaweza kushuka hadi ukaanguka.)

Picha au hesabu

Ultrasaundi inapendwa kwa sababu inaonekana. Unalala, unapakwa jeli ya baridi, unaona kitu kijivu kwenye skrini, unatoka na karatasi. Ina kazi zake pia: inaonyesha mawe kwenye nyongo, uvimbe, maji tumboni, na kwa mwenye sirosisi (ini lililojaa makovu) ni lazima kila baada ya miezi sita ili kutafuta saratani mapema. Ukiwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, ifanye.

Ila kwa swali letu ina kasoro mbili. Mafuta yakiwa chini ya takriban asilimia 20 huenda isiyaone kabisa, na kwa mtu mnene sana inaona vibaya zaidi. Kubwa kuliko hilo, haipimi makovu, yale ambayo ini lililoumizwa kwa muda mrefu hubaki nayo. Yaani inakwambia kwamba mafuta yapo, jambo ulilokuwa umelikisia, ikakuacha gizani kuhusu jambo ulilohitaji kulijua. Uchunguzi wa miaka mingi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kati ya yote yanayoonekana kwenye kinyama cha ini kilichotolewa kwa uchunguzi, ni makovu ndiyo yaliyotabiri nani atakufa au kuhitaji ini jipya.

FIB-4 si mashine wala kipimo kipya. Ni hesabu inayotumia umri wako na namba tatu za damu: vimeng'enya viwili vya ini, AST na ALT, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Ilitungwa mwaka 2006 kwa watu wenye virusi vya UKIMWI pamoja na homa ya ini C, kisha ikaonekana inafaa hata kwa ini lenye mafuta. Zidisha umri kwa AST. Kando, zidisha chembe sahani kwa kipeuo cha pili cha ALT. Gawa ya kwanza kwa ya pili. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Chukua watu wawili, ni mifano tu. Mmoja ni dereva wa tuktuk wa Kisauni, miaka 46. Ultrasaundi yake imeandikwa mafuta daraja la pili, na tangu aisome usingizi umemruka. AST yake ni 30, ALT 49, chembe sahani 260. Mwingine ni mama anayeuza mahamri Majengo, miaka 58. Yeye ameandikiwa daraja la kwanza, akaambiwa "si kitu, mama." AST yake ni 48, ALT 36, chembe sahani 190.

Dereva: 46 mara 30 ni 1,380. Kipeuo cha 49 ni 7, na 260 mara 7 ni 1,820. Jibu lake ni 0.76. Mama: 58 mara 48 ni 2,784. Kipeuo cha 36 ni 6, na 190 mara 6 ni 1,140. Jibu lake ni 2.44.

Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo (kwa waliofika miaka 65 mpaka huo husogezwa hadi 2.0, kwa sababu umri peke yake hupandisha hesabu). Juu ya 2.67, muone daktari bingwa. Katikati, unahitaji kipimo cha pili. Kwa hiyo aliyekosa usingizi ndiye mwenye nafuu, na aliyeambiwa si kitu ndiye anayepaswa kwenda mbele. Tena ALT yake ya 36 haikuwekewa alama yoyote, maana kwenye karatasi za maabara nyingi hiyo inahesabiwa salama. Wengi wenye ini la mafuta, hata lenye makovu, wana ALT ya kawaida. Isitoshe, makovu yakizidi, mafuta yenyewe hupungua, na picha ikaonekana afadhali kuliko zamani.

Chama cha Kisukari cha Marekani sasa kinataka mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya pili afanyiwe FIB-4 hata kama vimeng'enya vya ini viko sawa. Huku kwetu, mtu anaweza kuwa na namba zote tatu kwenye faili lake la kliniki na hakuna aliyewahi kuzigawanya.

FIB-4 nayo ina mitego, na mmoja unatuhusu sana watu wa Pwani. Malaria hushusha chembe sahani. Dengi nayo huzishusha, tena huku ikipandisha AST, na Mombasa imeshapitia milipuko ya dengi, ukiwemo wa 2013 na wa 2017. Ukichukua karatasi ya siku ulizokuwa na homa ukapiga hesabu, utajipa sirosisi ambayo huna. Subiri upone, wiki kadhaa zipite, ndipo upime upya. Pombe, mnazi ukiwemo, nayo inapandisha AST, kwa hiyo mwambie daktari ukweli. Hayuko pale kukuhukumu. Chini ya miaka 35 hesabu hii haiaminiki. Na kama hujawahi kupima homa ya ini B, pima mara moja ujue, kwa sababu FIB-4 huona dalili za makovu bila kusema nani aliyeyaleta.

FibroScan: nzuri, lakini zamu yake ni ya pili

FibroScan husukuma mtetemo mdogo kupitia mbavuni na kupima kasi yake ndani ya ini. Ini gumu huupitisha haraka. Jibu huja kwa kilopaskali: chini ya 8 ni habari njema, 8 hadi 12 ni eneo la mashaka, zaidi ya 12 ni rufaa. Katika kikao hicho hicho hutoa namba ya mafuta pia. Haiumi, haichukui nusu saa, na kwa swali la makovu inaipita ultrasaundi ya kawaida kwa mbali.

Kinachonifanya niiweke nyuma ni bei na upatikanaji. Haipo kila mahali, na mwenye FIB-4 ya 0.76 kama yule dereva atakuwa amelipa kuambiwa alichokijua tayari. Mashine hii ilitengenezewa watu kama mama wa mahamri: pesa yake haitapotea, matokeo yoyote yatakayotoka yatabadilisha hatua inayofuata. Kabla ya kuvuka feri au kulipa nauli ya basi, piga simu uulize kama mashine ipo na inafanya kazi siku hiyo. Na usile kwa angalau saa tatu kabla. Chakula hupandisha namba.

Kolesteroli moja, au kipimo kamili cha mafuta?

Hapa sina subira. Wenye ini la mafuta wengi hawafi kwa ini, wanakufa kwa moyo. Kwa hiyo kama pesa inatosha kipimo kimoja tu leo, kipimo kamili cha mafuta ya damu kinaitangulia ultrasaundi, na hata FibroScan.

Kwenye kambi za matibabu za bure mara nyingi utapimwa kolesteroli ya jumla peke yake, kwa tone la kidole. Kwa mwenye sukari namba hiyo inaweza kumlaghai kabisa. Tuseme karatasi inasoma jumla 4.6 (namba zote za mafuta hapa ni kwa mmol/L). Mtu anashukuru Mungu, anaenda zake. Kipimo kamili cha mtu huyo huyo kinaonyesha HDL 0.8 na trigliseridi 3.1. Trigliseridi zinatakiwa zisifike 1.7, na HDL isiwe chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Huo ndio mchoro wa ini linalosukuma mafuta nje, na kolesteroli ya jumla imeuficha wote.

LDL nayo iangalie kwa jicho la pili. Maabara nyingi hazipimi LDL, huikokotoa kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972: jumla, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Kwa mfano wetu inatoka 2.4, namba inayopendeza. Trigliseridi zikipita 4.5 kanuni hiyo haifai tena. Mimi nampendekezea mwenye sukari atazame namba rahisi zaidi: jumla toa HDL. Hapa ni 3.8, na mwongozo wa Ulaya wa 2019 unamtaka mwenye kisukari aliye katika hatari kubwa awe chini ya 2.6. Namba hiyo haijali kama ulikunywa chai.

Tukifika kwenye chai: tangu 2016 wataalamu wa Ulaya wanakubali kipimo cha mafuta bila kufunga, kwa kuwa tofauti ni ndogo. Lakini kama unapima na sukari ya asubuhi kwa mkupuo mmoja, kikombe cha chai ya maziwa na hamri moja vitaharibu sukari na kuzisogeza trigliseridi. Funga saa 8 hadi 12, maji yanaruhusiwa. Mwezi wa Ramadhani wengine hutolewa damu alasiri, saa nyingi baada ya daku. Inafanya kazi vizuri, mradi daktari ameshakubali kwamba wewe ni wa kufunga.

Dawa za statini, zile za kushusha kolesteroli, zinaandamwa na uvumi kwamba zinaua ini, na watu huziacha pale pale wanapoambiwa ini lina mafuta. Ni kinyume kabisa. Mafuta kwenye ini si sababu ya kunyimwa statini, na mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa hata sharti la kupima vimeng'enya mara kwa mara kwa wanaozitumia. Wanaozuiliwa ni wale ambao ini lao limeshafeli au linaumwa kwa ghafla.

Sukari yenyewe: ya asubuhi au ya miezi mitatu?

Kwa kifupi, zote. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ikiwa asilimia 6.5 au zaidi ni kisukari, na sukari ya kufunga ya 7.0 mmol/L au zaidi vivyo hivyo. Ya miezi mitatu haidanganywi na mtu aliyejinyima siku mbili kabla ya kliniki. Ila Pwani kuna watu wengi waliorithi jeni moja ya selimundu (sickle cell) bila kuugua, na kwao HbA1c inaweza kusoma chini ya ukweli. Kama namba yako ya miezi mitatu haiendani kabisa na unayoiona kwenye mashine ya nyumbani, hilo litajwe kwa daktari.

Majibu yakishatoka

Uzito ndio dawa yenye ushahidi mzito kuliko zote. Utafiti wa Kuba uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuata wagonjwa 293 kwa wiki 52. Kati ya waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi, 9 kati ya 10 uvimbe wa ini unaoletwa na mafuta uliisha, na karibu nusu yao hata makovu yalirudi nyuma. Kwa mtu wa kilo 85 hiyo ni kilo 8 na nusu. Si mchezo, lakini si kilo 30 pia, na hata asilimia 5 huanza kuyapunguza mafuta.

Metformini inasaidia sukari, ini haiponyi. Pioglitazoni, kidonge kingine cha sukari, imeonyesha faida kwa ini lililovimba, ingawa huongeza uzito na kuvimbisha miguu ya wengine. Marekani iliidhinisha resmetirom Machi 2024, dawa ya kwanza mahsusi kwa ugonjwa huu. Ni ya walio na makovu yaliyothibitishwa, si ya kila mwenye ultrasaundi ya kijivu.

Na nazi? Wafini walilishwa kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki tatu. Kundi lililopewa mafuta yaliyoshiba, yakiwemo ya nazi, siagi na jibini, mafuta ya ini yaliongezeka kwa asilimia 55. Waliopewa sukari, asilimia 33. Waliopewa mafuta yasiyoshiba, asilimia 15. Kwa hiyo wanaosema nazi haina neno, na wanaosema ni sukari peke yake, wote wamebakiza. Mimi sitamwambia mtu wa Mombasa aache samaki wa kupaka. Nitamwambia apunguze tui zito la kila siku, na aanze na soda, sharubati na hamri la tatu, kwa sababu hivyo havina hata samaki ndani yake.

Mwenye FIB-4 ndogo na sukari arudie hesabu baada ya mwaka mmoja au miwili; mafuta ya damu kila mwaka, au mapema zaidi kama dawa imebadilishwa.

Ukifika dirishani maabara, usiombe "kipimo cha ini" ukaishia hapo, kwa sababu sehemu nyingine watakupimia ALT peke yake. Omba AST, ALT, hemogramu yenye idadi ya chembe sahani, na kipimo kamili cha mafuta, vyote kwa sindano moja. Ukijibiwa, "Shangazi, AST haimo kwenye kifurushi," uliza bei ya kuiongeza. Bila AST hesabu haifanyiki, na mara nyingi kuiongeza ni nafuu kuliko picha uliyotaka kuilipia.